Siku ubuyu ulipoitwa damu darasani Masaka

MASAKA, Uganda

MTOTO wa kwanza kutoa ulimi nje alikuwa ameketi karibu na dirisha. Jirani yake alimtazama, akanyamaza kidogo, kisha akapiga ukelele uliosikika hadi jikoni kwa wapishi: “Musaayi!”

Kwa Kiganda, neno hilo maana yake ni damu.

Hazikupita dakika mbili, darasa zima la pili likawa limesimama. Kila mtoto alikuwa akikagua ulimi wa mwenzake, na kila ulimi uliokaguliwa ulikuwa mwekundu. Nusu yao walilia, nusu wakawacheka wanaolia. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma hakulia wala hakucheka. Alitumia nafasi hiyo kukusanya vikaratasi vya waliokimbia, akaendelea kula.

Mbele ya darasa alisimama dada yangu, mfanyabiashara wa Bukoba, akiwa na ndoo tupu mkononi. Alikuwa akirudia maneno yaleyale: “Ni rangi tu, wanangu! Ni rangi tu!”

Mwalimu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, aligeuka akamkazia macho.

“Rangi?” aliuliza. “Rangi ya ukuta?”

Nilikuwepo siku hiyo. Ndoo ile niliibeba mimi.

Keki kila mtu analeta

Dada yangu amevuka mpaka wa Mutukula kwa zaidi ya miaka 10. Hupeleka mchele Uganda na hurudi na sabuni, biskuti na vyombo vya plastiki. Mteja wake mkubwa ni mama mmoja mwenye duka mjini Masaka, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka mpakani. Hawajawahi kuandikiana mkataba. Biashara yao ni ya mali kauli: dada anashusha mzigo, mwenye duka anauza, fedha zinalipwa safari inayofuata. Kwa wanaoifahamu biashara ya mpakani, hapo hakuna dhamana nyingine isipokuwa jina la mtu.

Binti wa mwenye duka alikuwa anatimiza miaka 7. Katika shule za mjini, siku kama hiyo mzazi hupeleka kitu kidogo darasani ili watoto wale pamoja.

“Keki kila mtu analeta,” yule mama alimwambia dada kwa simu. “Wewe niletee kitu cha kwenu, nnyabo. Nataka watoto wenzake waikumbuke siku hii.”

Ombi hilo lilitimia kuliko alivyotarajia.

Dada aliwaza ubuyu. Kwa msomaji asiyeufahamu, ubuyu ni mbegu za tunda la mbuyu zikiwa bado na ule unga wake mweupe mchachu. Mpishi huchemsha maji na sukari hadi yawe mazito, hutia rangi na viungo kama iliki, kisha humwaga mbegu humo na kukoroga hadi kila punje ivae koti la sukari. Mombasa huitwa mabuyu. Mtoto wa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar hafundishwi namna ya kuula. Amezaliwa akawakuta wakubwa wanamung'unya. Anajua kwamba utamu na ukali viko juu, mbegu ni ya kutemwa, na ulimi utabaki mwekundu hadi jioni.

Mtoto wa Masaka hajui hata moja kati ya hayo.

Mutukula tulipita vizuri. Tangu kituo cha huduma za pamoja kilipozinduliwa Novemba 2017 na marais John Magufuli na Yoweri Museveni, msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Tuliulizwa mzigo umetoka wapi na una thamani gani. Tukajibu. Afisa alifunua kifuniko cha ndoo, akachungulia, akafunika. Hakuna aliyeuliza kinacholiwa humo kinaliwaje, na kwa kweli hiyo haikuwa kazi yake. Ilikuwa kazi yetu.

Maji yalivyozidisha moto

Watoto walitupokea kwa wimbo. Dada aliwagawia konzi moja moja kwenye vikaratasi vilivyokunjwa, nao wakaitikia kwa pamoja, “Webale, nnyabo!” Mwalimu akatoka kwenda ofisini mara moja kuchukua daftari la mahudhurio.

Kisha kila mtoto akaamua mwenyewe. Wapo waliomeza mbegu zote kama vidonge. Wapo waliotafuna, na mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayetembea juu ya kokoto. Mmoja alifuta sukari yote kwa kitambaa ili afikie alichodhani ni karanga iliyofichwa ndani. Wengine, kwa kuwakumbuka wadogo zao nyumbani, walitia fungu lao mfukoni mwa shati. Mashati ya shule ile ni meupe, na saa tano ya asubuhi Masaka kuna joto la kutosha kuyeyusha sukari.

Na kulikuwa na jambo ambalo dada hakulijua. Ubuyu ule ulikuwa umetiwa pilipili manga, tena kwa mkono mpana.

Ukelele wa “Musaayi!” ulipopigwa, wenye midomo inayowasha walikimbilia bombani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Waliposukutua, maji yaliyotoka mdomoni yalikuwa mekundu. Walipojifuta kwa mikono, mikono ikawa mekundu, na mikono hiyo ikapanguswa kwenye mashati. Mpishi alikuja mbio na beseni, alipoliona limejaa maji mekundu akaliacha na kukimbia kumwita mwalimu mkuu. Mzazi mmoja aliyekuwa ameleta chakula cha mwanawe aliwakuta watoto zaidi ya 30 wakitema kitu chekundu mtaroni. Hakuuliza. Alitoa simu.

Nusu saa baadaye bodaboda zilikuwa zimejaa getini.

Swali la baba mmoja

Mtu aliyetuliza hali ile ni yule mwalimu wa Kiswahili cha sokoni. Alichukua punje moja kutoka kwenye kikaratasi, akaiweka mdomoni mbele ya darasa lote, akaimung'unya bila haraka. Akatema mbegu kwenye kiganja, akaionyesha. Kisha akatoa ulimi.

Darasa lilicheka hadi madirisha yakatikisika. Mwalimu akawaambia kila aliyebaki na punje amung'unye, ateme mbegu na aipange juu ya dawati, wahesabu kwa makumi. Likawa somo la hesabu.

Hata hivyo, nje kulikuwa na baba mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa amemshika mwanawe mkono, shati la mtoto likiwa na alama nyekundu kifuani. Alizungumza kwa upole.

“Nnyabo, shati litafuliwa,” alisema. “Nataka kujua kitu kimoja. Rangi hii ni ya chakula? Nani ameipika?”

Dada alifungua mdomo, akaufunga. Ubuyu ule aliununua kwa muuzaji wa jumla sokoni Bukoba, ambaye naye aliununua kwa mtu mwingine.

“Sijui,” alisema.

Nimefuatana na dada yangu safari nyingi. Anajua mchele wake umelimwa wapi na umekobolewa lini. Sijawahi kumsikia akisema hajui kuhusu kitu anachokiuza. Na hiki hakukiuza. Alikuwa amewapa watoto wadogo bure.

Jioni ile, dukani, mwenye duka alikaa kimya kwa muda mrefu. Binti yake alikuwa amelala huku macho yamevimba, maana wenzake walikuwa wamempa jina la “mtoto wa damu”. Dada alitaka kulipia sabuni na mashati. Rafiki yake akakataa.

“Wazazi wale ndio wateja wangu,” alisema. “Mimi ndiye ninayewaambia kila siku kwamba vitu vyako ni vizuri.”

Mzigo wa mchele uliokuwa stoo ulikuwa bado haujalipwa. Hakuna aliyeutaja, lakini sote watatu tulikuwa tukiufikiria.

Kutafuta aliyepika

Tuliporudi Bukoba, dada alifanya kazi ambayo angepaswa kuifanya kabla ya safari. Alimfuata muuzaji wa jumla, akaelekezwa kwa aliyemuuzia, na mwishowe akapata namba ya mama aliyeupika. Akamuuliza swali lilelile la yule baba. Mama yule alimpigia picha kopo la rangi aliyotumia. Ilikuwa rangi ya chakula, yenye lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Dada aliipeleka picha hiyo Masaka kabla hata ya kunywa chai. Lakini anakiri kwamba aliponea kwenye bahati. Kama kopo lingekuwa la rangi ya kutilia mikeka, asingekuwa na la kusema.

Ndugu mfanyabiashara, karatasi tunazojaza mpakani zina kazi yake. Cheti rahisi cha uasilia hutusaidia kupitisha bila ushuru wa forodha bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, mradi thamani ya mzigo isizidi Dola 2,000 za Marekani. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango inataka alama ya ubora ya nchi moja mwanachama itambuliwe na nchi nyingine. Kwa mpishi mdogo wa Tanzania njia ya kuifikia alama hiyo ni kupitia SIDO na TBS, na inafaa kuifuata.

Lakini cheti kinaeleza bidhaa imetoka nchi gani. Hakielezi mbegu inatemwa, wala kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kupaliwa nayo. Hata majina hayasafiri salama. Agiza njugu Nairobi utaletewa karanga. Agiza njugu Tanzania, huenda ukaletewa njugu mawe. Kila mmoja atakuwa amekuletea ulichotaja. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na huenda watoto wa darasa lile wakasoma lebo zetu wakiwa wakubwa. Kwa sasa, anayeuza Masaka aandike kwa lugha inayosomwa Masaka.

Dada sasa hununua kwa mpishi mmoja anayemjua kwa sura. Ubuyu wa watoto hautiwi pilipili, na rangi imepunguzwa nusu. Kila pakiti ina karatasi ndogo yenye jina na simu ya mpishi, pamoja na maelezo kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza: mung'unya, tema mbegu, usimpe mtoto mdogo, ulimi utakuwa mwekundu na si ugonjwa. Kiganda kiliandikwa na yule mwalimu. Hakutaka malipo, alichukua pakiti mbili.

Fedha za mchele zililipwa safari iliyofuata, kamili. Shule ile hadi leo inaruhusu keki tu, nasi hatuwalaumu.

Ajabu ni kwamba wa kwanza kuuliza ubuyu dukani walikuwa wazazi walewale wa bodaboda. Watoto wao walikuwa hawawapi usingizi. Pakiti hizo sasa zimepangwa kaunta, karibu na biskuti, na siku zisizo za shule binti wa mwenye duka hukaa hapo na mama yake. Mteja mgeni akiuliza kitu hicho kinaliwaje, mama humwonyesha karatasi.

Binti hana haja ya karatasi. Hutoa ulimi.