Michezo, Elimu na Ajira kwa Vijana wa Kiume

Wengi huiona michezo kuwa burudani tu, na baadhi ya wazazi huiona kuwa adui wa masomo. Makala hii inaeleza namna michezo inavyoweza kumbakiza kijana wa kiume shuleni na kumwandaa kwa ajira.

Chukua mfano wa Madimba, mkoani Mtwara. Mwaka 2015 kilizinduliwa hapo kiwanda cha kuchakata gesi asilia. Hata hivyo, kuzaliwa jirani na kiwanda hakumpi kijana kazi ya ufundi, ataulizwa cheti. Kijana aliyeacha shule ili avue samaki au aokote korosho ni vigumu kumpata darasani, lakini jioni utamkuta uwanjani. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wenzetu wamejaribu njia hii. Jijini Nairobi, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987. Timu zake hupata pointi kwa kushinda mechi na pia kwa kusafisha mitaa. Kijana anayefundisha wadogo au kuchezesha mechi huweza kupata msaada wa masomo, na fedha hulipwa shuleni kwake. Nchini Australia, taasisi ya Clontarf, iliyoanza mwaka 2000, hutumia mpira kuwavuta shuleni wavulana wa jamii za wenyeji wa asili. Anayetaka kubaki katika programu hiyo lazima ahudhurie masomo.

Michezo husaidia kwa njia tatu:

(a) Mahudhurio. Mwanafunzi anayejua kwamba mtoro hapangwi kwenye timu hujitahidi kufika shuleni.

(b) Stadi za kazi. Uwanjani hujifunza kuwahi, kupokea maelekezo, kushirikiana na kukubali kushindwa. Waajiri huzihitaji tabia hizo.

(c) Ajira yenyewe. Kuna wachezaji, lakini pia kuna makocha, waamuzi, watangazaji, walimu wa michezo na watunza viwanja.

Changamoto zipo. Wanaoishi kwa kucheza mpira ni wachache, na jeraha moja huweza kumaliza safari. Mazoezi yasiyo na ratiba hula muda wa kujisomea. Vilevile, mpango unaowahusu wavulana pekee huwaacha nyuma dada zao.

Hivyo basi, mpira peke yake haumsomeshi mtu. Kinachosaidia ni sharti linaloambatana nao: hudhuria masomo ndipo ucheze, jitolee ndipo ulipiwe ada. Bila sharti hilo, kijana wa Madimba atakuwa mchezaji hodari asiye na cheti.

Zingatia: Ukiulizwa swali kama hili katika mtihani, usiishie kuorodhesha faida. Eleza kila faida inapatikanaje, toa mfano, taja changamoto, kisha hitimisha kwa msimamo wako.