Joto la Maji katika Tangi la Matumbawe

Katika nchi za baridi, mtu afugaye matumbawe ndani ya tangi la kioo hununua kwanza chombo cha kuyapasha maji joto. Huku Tanga shida yake ni kinyume: maji huwa moto mno. Jambo hili laweza kushangaza, kwani matumbawe ni wenyeji wa bahari iyo hiyo, kuanzia miamba ya Yambe na Karange hadi Kigombe. Yashindweje kwao?

Jibu limo katika wingi wa maji. Wakati wa kusi, mnamo Agosti, maji ya juu ya bahari hii hushuka hadi karibu nyuzi 25 za Sentigredi. Mwishoni mwa kaskazi, mnamo Machi, hufikia nyuzi 29 hivi. Badiliko hilo huchukua miezi. Mkondo wa Pemba una kina kipitacho mita 700, na upepo pamoja na kujaa na kupwa huyachanganya maji ya juu na yaliyo baridi chini yake. Tangi la lita 200 halina kilindi. Likiwekwa katika chumba cha paa la bati, huku taa na pampu zikiongeza joto lake, maji yaweza kupanda nyuzi kadhaa kati ya asubuhi na alasiri.

Tumbawe ni mnyama, nalo huhifadhi mwilini vijimea vidogo sana vinavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenyeji wao. Joto likizidi kwa nyuzi moja tu kiwango cha kawaida cha mwezi ulio moto kuliko yote, na likadumu kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika. Vijimea hutoka, na mifupa ya chokaa huonekana ikiwa myeupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika miamba mingi ya pwani ya Afrika Mashariki. Kupauka si kufa: maji yakipoa mapema, tumbawe laweza kupona. Tena maji moto hubeba oksijeni kidogo. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 huweza kuchukua miligramu 6.7 hivi kwa lita, na yenye nyuzi 30 miligramu 6.2 hivi.

Njia rahisi ya kuyapoza inajulikana na kila nyumba yenye mtungi wa udongo. Maji yapenyayo kwenye vinyweleo vya mtungi hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Feni ndogo inayopuliza juu ya tangi hufanya kazi iyo hiyo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua kilojuli 2,400 hivi. Kuzipunguza lita 200 za maji ya bahari kwa nyuzi moja kwahitaji kuondoa kilojuli 820 hivi. Kwa hiyo lita moja iliyopotea ingetosha kushusha karibu nyuzi 3, iwapo joto jingine lisingeingia. Nalo huingia daima kupitia vioo, hivyo faida halisi ni ndogo zaidi.

Hapo pana mtego. Mvuke huondoka, chumvi hubaki. Lita 5 zikipotea, chumvi ya gramu 35 kwa lita hupanda hadi karibu 36. Pengo hilo lijazwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, wala si kwa maji ya bahari, ambayo yangezidisha kosa. Barafu nayo ifungwe ndani ya chupa, na isishushe joto kwa ghafula.

Wanafunzi hawahitaji kung'oa tumbawe lolote ili kuyaona haya, na kuling'oa ni kuudhuru mwamba. Mabeseni mawili ya maji ya bahari yenye ujazo sawa yatosha: moja lifunikwe, jingine liachwe wazi penye upepo, na kipimajoto kisomwe kila saa. Jaribio lirudiwe siku ya mvua wakati wa masika. Hewa ikiwa imekwisha kujaa unyevu, mvuke hutoka kwa shida, na tofauti kati ya mabeseni hayo hupungua sana. Siku kama hiyo hata feni ya tangi husaidia kidogo tu.