Mafunzo ya sera za umma Marekani: nafasi huja mara moja, maandalizi huanza mapema

MWANAFUNZI wa chuo kikuu nchini Marekani anayetaka kutumia likizo ya majira ya joto kujifunza namna sera za serikali zinavyotungwa hana budi kuandaa maombi yake miezi mingi kabla. Akichelewa, huenda asipate fursa hiyo tena.

Miongoni mwa mafunzo ya aina hiyo yanayofahamika zaidi ni yale ya Programu ya Sera za Umma na Masuala ya Kimataifa, ijulikanayo kwa kifupi kama PPIA. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa lengo la kuongeza katika utumishi wa umma vijana wa jamii zenye uwakilishi mdogo.

Mafunzo huchukua takriban wiki saba. Vyuo vikuu vilivyowahi kuyaendesha ni pamoja na Princeton, Berkeley, Carnegie Mellon, Michigan na Minnesota. Orodha hiyo hubadilika, hivyo mwombaji anapaswa kuhakikisha kwanza ni vyuo vipi vinavyopokea wanafunzi katika mwaka husika.

Washiriki hufundishwa uchumi, takwimu na uchambuzi wa sera. Masomo hayo ndiyo msingi wa shahada ya uzamili katika fani hiyo, na ndiyo yanayowakwaza wengi waliosoma siasa au historia pekee.

Nani anaruhusiwa

Mafunzo hayo yamelengwa kwa wanaomaliza mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza na ambao bado wana muda wa masomo chuoni baada ya likizo. Kwa kawaida dirisha la maombi hufungwa karibu na mwanzo wa Novemba. Kwa maana hiyo, mwanafunzi huomba akiwa ameanza tu mwaka wa tatu, na anayesubiri hadi Januari huwa amekwishachelewa.

Sharti la pili ni hadhi ya ukaazi. Kwa ujumla waombaji hutakiwa kuwa raia wa Marekani au wenye kibali cha ukaazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani, ingawa baadhi ya vyuo vimekuwa na taratibu zake. Kijana aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi kwa kawaida hahusiki. Lakini kijana wa familia ya wakimbizi kutoka Kongo anaweza kuhusika, kwani sheria ya Marekani humtaka mkimbizi kuomba ukaazi wa kudumu baada ya kuishi nchini humo mwaka mmoja.

Insha ndiyo mizani

Pamoja na nakala ya matokeo ya masomo, maelezo ya uzoefu na barua za wadhamini, mwombaji huandika insha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kusimulia shida walizopitia na kuishia hapo.

Kwa mfano, msichana aliyekuwa akimtafsiria mama yake hospitalini tangu utotoni ana jambo la kueleza. Hata hivyo, insha yake itakuwa na uzito akiuliza kwa nini hapakuwa na mkalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, Kifungu cha VI, inakataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya taifa katika huduma zinazopata fedha za serikali kuu. Je, ni bajeti, usimamizi au mgonjwa kutojua haki yake? Swali la namna hiyo ndilo sera.

Barua za wadhamini nazo zinahitaji muda. Mhadhiri anayeombwa wiki moja kabla ya mwisho ataandika sifa za jumla tu, ilhali aliyepewa mwezi mzima pamoja na rasimu ya insha anaweza kueleza kazi halisi ya mwanafunzi.

Aidha, familia ishirikishwe mapema. Wiki saba za masomo ni wiki saba bila mshahara wa kibarua cha likizo, ambao katika kaya nyingi husaidia kulipa kodi ya nyumba. Mwombaji aulize mapema kama chuo kinagharamia malazi, nauli na posho, na posho hiyo ni kiasi gani, kabla ya kukubali nafasi na si baada ya kufunga mizigo.