Jeshi la 1915 Lililotoka Kisumu Sasa Ni Kitu Unaweza Paka Rangi na Kupanga kwa Meza

Ukiskia Vita vya Kwanza vya Dunia, unawaza Ufaransa na matope, sivyo? Basi cheki hii. Juni 1915, meli zilijaa wanajeshi zikang'oa nanga hapa hapa Kisumu, zikavuka ziwa hadi Bukoba. Tarehe 22 na 23 wakapigana na Wajerumani, wakaangusha mtambo wao wa redio, wakarudi. Ndani ya hilo jeshi kulikuwa na askari wa King's African Rifles na mwindaji maarufu Frederick Selous, mzee wa miaka 63.

Kuna wasee duniani hucheza vita kama hivyo kwa meza. Unahitaji vinyago vidogo vya wanajeshi, rula ya kupima mwendo, na dadu za kuamua nani amepigwa. Saizi inayopendwa ni milimita 28, yaani kama kidole chako gumba hadi kwa kifundo.

Kupaka si noma. Osha kinyago na sabuni, kikauke. Kibandike kwa kifuniko cha soda ndio upate pa kushika. Paka rangi ya kwanza, nyeusi au kijivu, nyembamba tu. Ukipaka nzito, sura inapotea. Halafu weka kaki kwa nguo, kahawia kwa ngozi na kwa mti wa bunduki. Ikikauka, chukua kahawia iliyochanganywa na maji mengi, imwagikie kwa mikunjo. Hapo kivuli kinajitokeza chenyewe. Malizia na vanishi, la sivyo rangi itachubuka mkianza kucheza.

Usichanganye pande. Askari wa KAR mpe kaptura. Askari wa Mjerumani mpe tarbushi yenye kitambaa cha kaki na nembo ya tai mbele. Chini ya kila kinyago andika kikosi chake, kisha kila kikosi kikae kwa boksi lake. Siku ya mechi hutapoteza saa nzima ukitafuta nani ni wa nani.

Sasa, kitu moja watu wengi huruka: wapagazi. Askari na wazungu ndio hununuliwa kwanza, lakini vita vya huku vilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Wanaume wengi wa Nyanza waliingizwa Carrier Corps, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Jina Kariokor pale Nairobi limetoka kwao.

Kwa hivyo weka sheria hii kwa meza yenu: kikosi kisicho na wapagazi hakisongi zamu ya pili. Mbogi yako itashangaa vile mchezo unabadilika. Bunduki bila chakula na risasi ni fimbo tu.

Na ukiwapaka, usiwapake haraka haraka. Wape sura kila mmoja, kama vile ungempa jenerali. Huenda mmoja wao alikuwa guka wa guka yako.