MLANGO WA BAHARI U KILOSA NA MIKUMI

Wako watu wanaodhani kwamba nguvu ya taifa baharini hupimwa kwa wingi wa manowari na urefu wa gati. Sisi hatukubali. Aliyesimama Kilosa akaitazama reli ikifuata bonde la Mkondoa, na aliyesimama Mikumi akayaona malori ya Zambia na Kongo, ameuona mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Bandari isiyo na njia ya bara ni chungu kisicho na mafiga.

Madola makubwa yanalifahamu jambo hili tangu zamani. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Hawakuijenga kwa ajili yetu, bali kuivuta mali ya bara hadi kwenye meli zao.

Tulipojitawala, mlango ukawa wetu. Je, ufunguo ulikuwa wa nani? Mtihani ulikuja upesi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia isiyo na bahari ikabanwa. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kugharimia reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam. China ilikubali. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1967, na reli hiyo ya kilometa 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Katika miaka hiyo hiyo, sehemu za barabara kuu ya Zambia, ambayo hupita Mikumi, zilijengwa kwa fedha za Marekani. Washindani hao wawili walivutana, nasi tukapata reli na barabara. Kutofungamana na upande wowote si kukaa kimya. Ni kuchagua kazi wenyewe, kisha kumpokea anayekuja kuisaidia.

Mashindano hayo yamerudi. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi makubaliano ya kuifufua TAZARA. Desemba ya mwaka huo Rais wa Marekani alikwenda Angola kuiunga mkono reli ya Lobito, inayoipeleka shaba ya Kongo kwenye bahari ya Atlantiki. Shaba ni ile ile, bahari ni mbili.

Mwenye mzigo hafuati hotuba za urafiki. Hufuata njia iliyo wazi. Tusisahau mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyobomoa reli upande wa Kilosa na kusimamisha garimoshi kwa miezi. Hakuna dola lililotupiga. Ni maji tu. Reli mpya ya kisasa, iliyozinduliwa hadi Dodoma Agosti 2024, imepita milima ya Kilosa kwa mahandaki, lakini nayo itahitaji matunzo. Barabara ya Mikumi yakata katikati ya hifadhi ya wanyama, wala haiwezi kubeba kila kitu.

Kwa hiyo twasema: mikataba na ipimwe kwa miaka yake na kwa deni lake, si kwa jina la mkopeshaji. Nawe ndugu mfanyakazi, unayekaza reli Kilosa au kuziba shimo la barabara Mikumi, fahamu kwamba unailinda bahari yetu sawasawa na baharia. Mgeni akija na ujumi wake tumpokee. Lakini ufunguo wa mlango usitoke mkononi mwa mwenye nyumba.