Kutoa kwa Kukopa Mbele ya Watoto Sabini

Mwalimu wa darasa la tatu ameandika ubaoni 52 − 27. Kati ya watoto sabini walio mbele yake, wengi wataandika 35, na hawajabahatisha. Wameona 7 haitoki kwenye 2, wakageuza: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 2 ni 3. Wengine wanarudi nyuma kwa vidole kuanzia 52 na kupotea njiani. Wachache wameshapata 25 na sasa wanamsumbua jirani. Mwalimu akirudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, hakuna hata mmoja kati yao anayepata anachohitaji.

Kigezo cha Tanzania kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, madarasa mengi yamepita hapo. Kwa hiyo kumshauri mwalimu aandae shughuli ya kila mtoto peke yake ni kumwonea. Ushauri wangu ni huu: lengo la somo libaki moja kwa darasa zima. Kinachobadilika ni msaada anaopewa mtoto, ugumu wa tarakimu na namna anavyoruhusiwa kuonyesha alichoelewa.

Kazi inaanza siku moja kabla. Kila mtoto afanye hesabu tatu kwenye kipande cha karatasi: 8 − 3, 15 − 7 na 52 − 27. Mwalimu asihesabu alama; atazame aina ya kosa. Aliyekwama kwenye 15 − 7 hayuko mahali pamoja na aliyeandika 35, ingawa kwenye hesabu ya mwisho wote wamekosa.

Kesho yake, waliokwama wapewe vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa mpira: mafungu matano na vijiti viwili pembeni. Waambiwe watoe saba. Vijiti viwili havitoshi, basi lazima fungu moja lifunguliwe. Hapo ndipo kukopa kunapoonekana: yamebaki mafungu manne na vijiti 12, na thamani ni ileile 52. Walioandika 35 wachore mafungu hayo kwenye daftari na kuandika tarakimu kando ya kila hatua. Waliomaliza wasiongezewe hesabu kumi za aina ileile, maana hiyo ni adhabu kwa kuelewa haraka. Wapewe 6_ − 28 = 35 watafute tarakimu iliyopotea, kisha waeleze kwa maandishi mtu aliyepata 35 kwenye 52 − 27 amekosea wapi.

Kwenye semina za walimu bado tunaambiwa tuwagawe watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa mgawanyo huo kunainua ufaulu. Vijiti havimsaidii mtoto kwa sababu yeye ni “wa kutenda”. Vinamsaidia kwa sababu bado hajaiona kumi kama fungu linaloweza kufunguliwa.

Kuna vikwazo visivyohusu hesabu kabisa. Mtoto asiyesoma vizuri atakosa swali la maneno hata kama kutoa anakujua, kwa hiyo swali lisomwe kwa sauti. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu: akae mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, na aruhusiwe kusogea hadi ubaoni. Kwa asiyesikia vizuri, mwalimu asiseme akiwa ameligeuzia darasa mgongo.

Jambo ninalolihofia zaidi ni makundi kuganda. Nchini India, shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, limejulikana kwa kupanga watoto kwa kiwango walichofikia badala ya darasa waliloandikishwa, na kuwapima tena ili wahame. Huko kuhama ndiko kunakokosekana kwetu. Mtoto aliyewekwa dawati la “wazito” mwezi Februari hukutwa hapohapo Novemba, na wenzake wanamwita hivyo. Makundi yasipewe majina ya sifa, na yasidumu kupita mada moja. Mada ikifika kwenye vipimo vya urefu, karatasi ndogo zigawiwe upya: huenda mtoto wa vijiti akawa wa kwanza kushika rula na kupima dawati bila kukosea.