Vitenzi Vikaidi vya Kiingereza

Mtu aliyejitosa majini jana, kwa Kiingereza alifanya "dived" au "dove"? Mwingereza atachagua la kwanza; Wamarekani wengi watachagua la pili. Na aliyetoka kwa kunyata, ni "sneaked" au "snuck"? Walimu na wahariri wamebishana sana juu ya jozi kama hizi, kila upande ukidai kwamba mwenzake anaiharibu lugha. Wanasayansi walipoingia katika ubishi huo hawakuuliza nani mwenye haki. Walianza kuhesabu.

Mwaka 2007, Erez Lieberman, Jean-Baptiste Michel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature historia ya vitenzi 177 ambavyo katika Kiingereza cha Kale havikufuata kanuni ya kawaida ya wakati uliopita. Kufikia Kiingereza cha Kati vilikuwa vimebaki vikaidi 145. Leo vimesalia 98. Vingine 79 vimesalimu amri na kupokea kiambishi "-ed". Kwa mfano, "holp" ya zamani sasa ni "helped".

Kusalimu amri huko kuna utaratibu. Kitenzi kinachotumika mara 100 chini ya kingine hufuata kanuni kwa kasi mara 10 zaidi. Watafiti waliazima kipimo cha wanafizikia, nusu-uhai, yaani muda unaopita hadi nusu ya kundi ibadilike. Kwa vitenzi adimu kabisa ni kama miaka 300. Kwa "be" na "have", vinavyotamkwa kila dakika, ni miaka 38,800.

Sababu yake imo kichwani mwa msemaji. Mwaka 1958, mwanaisimu Jean Berko aliwapa watoto wa Marekani vitenzi alivyovibuni mwenyewe, kama "rick", akawataka waseme kilichotendeka jana. Wengi walijibu "ricked", neno ambalo hawakuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Mtoto anayesema "goed" hali kadhalika hajaiga, ametumia kanuni. Kinachomrudisha kwenye "went" ni kulisikia neno hilo tena na tena hadi likae akilini. Umbo likisikika kwa nadra, kumbukumbu hushindwa na kanuni huziba pengo.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Amri zetu kaidi ni chache, na zote ni za vitenzi vya kila siku: njoo, nenda, lete. Wazawa wa pwani wamezirithi tangu utotoni. Bara, ambako wengi hujifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama, kanuni inazinyemelea: mitaani Nairobi utasikia "kuja hapa", kwa mfano wa "kula" na "kunywa", na "leta" mahali pa "lete".

Lakini basi "dove" ilitoka wapi, ikiwa mkondo unaelekea kwenye kanuni? Umbo la zamani zaidi kati ya hayo mawili ya leo ni "dived", na "snuck" nayo ilizuka Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 2017, Mitchell Newberry, Joshua Plotkin na wenzao walichukua maandishi ya Kimarekani ya karne mbili na kuyapima kwa hesabu ambazo wanabiolojia hutumia kufuatilia jeni. Walitaka kujua ni mabadiliko yapi yanasukumwa na nguvu fulani, na yapi ni bahati tu. Kwa vitenzi vingi, bahati ilitosha kueleza yaliyotokea, hasa vile adimu. "Dove" na "snuck" zilisukumwa. Kwa "dove" wanashuku mvuto wa vina: "drive" na "drove" vilienea pamoja na magari, na "dive" ikafuata nyayo.

Kwa hiyo umbo linalobishaniwa ni kitenzi kilicho njiani, na njia hiyo ina pande mbili. Watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kufikia mwaka 2500 vitenzi 83 tu kati ya vile 177 vitabaki vikaidi, na wakabashiri kwamba kitakachofuata kuanguka ni "wed", kwa kuwa hakitumiki sana. Mwalimu ana haki ya kusahihisha mtihani wa leo kwa kamusi ya leo. Ila hukumu ya mwisho iko kwa wasemaji, na wao huitoa bila kukusudia, kwa kulitamka neno mara nyingi au kuliacha.